Kupanga Meno na Kunyoosha Taya: Tunatafuta Afya, au Sura ya Mtu Mwingine?

Mwishoni mwa msimu wa korosho mama mmoja wa huku kwetu alitujia na swali. Binti yake ana miaka 14. Meno yake ya juu yametokeza mbele sana, na midomo haifungani anapokaa kimya. Shuleni wenzake wamempa jina la utani ambalo hatutaliandika hapa. Siku hizi hacheki bila kuziba mdomo kwa kiganja, na kwaya ya watoto ameiacha. Mjomba wake amesikia kwamba Dar es Salaam wapo madaktari wanaofunga meno waya, na wengine wanaokata mfupa wa taya na kuupanga upya. Mjomba huyo yuko tayari kutoa fedha za korosho zake. Mama akatuuliza mambo mawili: "Je, ni haki kutumia fedha ya ada na chakula kwa ajili ya uzuri wa uso? Na je, mwanangu atakuwa mzuri kweli?"

Tumeona vema kumjibu hapa, kwa kuwa familia nyingi zina swali kama lake ingawa haziulizi. Wengine wanaona aibu, wakidhani kuzungumzia sura ya mtoto ni majivuno. Wengine wamekwisha kuona picha za kwenye simu na wanaamini kila jino lililopinda ni ugonjwa. Maoni yetu yako katikati ya hao wawili. Kutibu taya na meno ni jambo jema pale linapomrudishia mtu uwezo wa kutafuna, kusema na kufunga kinywa, na pale linapomwondolea mtoto aibu inayomnyima raha ya utoto wake. Lakini si jambo jema kumtoa mtu sura ya ukoo wake na kumpachika sura ya watu wengine.

Taya na meno vinafanya nini usoni?

Sehemu ya chini ya uso, kuanzia puani hadi kidevuni, hubebwa na mataya mawili. Midomo na mashavu hulala juu ya meno kama makuti yanavyolala juu ya pau. Pau zikikaa vibaya, makuti nayo hayalali sawa. Ndiyo maana meno yakitokeza mno, mdomo hubaki wazi. Taya la chini likiwa fupi, kidevu huonekana kimerudi nyuma. Likiwa refu kupita la juu, meno ya chini hupita mbele ya yale ya juu, na mtu hupata shida kukata hata kipande cha muhogo.

Matibabu yako ya namna mbili. Ya kwanza ni waya za meno. Daktari hugandisha vidude vidogo juu ya kila jino, kisha hupitisha waya unaosukuma jino polepole. Mfupa ulio upande jino linakokwenda hulika, na ule wa nyuma yake hujengeka upya. Kazi hii huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, na mara nyingine zaidi. Waya zikitolewa, mgonjwa huvaa kifaa cha kuyashikilia meno, kwani yakiachwa hupenda kurudi yalikotoka.

Namna ya pili ni upasuaji wa taya. Daktari Simon Hullihen wa Marekani alifanya upasuaji wa kurekebisha taya la chini mwaka 1849, kwa mgonjwa ambaye uso wake ulikuwa umeharibiwa na moto. Lakini njia zinazotumika sana siku hizi zilikua katika miaka ya 1950, hasa kwa kazi ya Hugo Obwegeser wa Zürich. Yeye alionyesha jinsi ya kupasua taya kwa kupitia ndani ya kinywa, ili uso usibaki na kovu. Mfupa hukatwa, husogezwa mbele au nyuma, kisha hufungwa kwa vibati na skrubu ndogo. Kwa kawaida upasuaji huu husubiri hadi mifupa ya uso imalize kukua, yaani mwishoni mwa ujana, na kwa wavulana huchelewa zaidi kuliko wasichana. Waya za meno huvaliwa kabla yake na baada yake.

Je, uso unapendeza zaidi?

Hili ndilo swali la pili la yule mama. Tunalijibu kwanza, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganyika.

Waya hubadili tabasamu, na hubadili kidogo mkao wa midomo. Meno yaliyotokeza yakirudishwa nyuma, midomo nayo hurudi, ila si kwa kiasi kilekile. Waya haibadili pua, na kwa mtu aliyekwisha kukua haibadili mfupa wa kidevu. Upasuaji hubadili zaidi, maana husogeza mfupa wenyewe. Watafiti wa nchi mbalimbali wamewaonyesha watu picha za wagonjwa kabla na baada ya matibabu. Kwa jumla picha za baada hupendwa zaidi. Lakini tofauti huwa kubwa kwa wale ambao mataya yao yalikuwa yamepishana sana tangu mwanzo, na huwa ndogo kwa wale ambao kasoro yao ilikuwa kidogo. Kwa maneno mengine, aliyekuwa na shida kubwa hupata faida kubwa, na aliyekuwa na shida ndogo anaweza kulipa sana na majirani wasione kilichobadilika.

Aidha, upasuaji una gharama zake mwilini. Uso huvimba kwa wiki kadhaa. Mgonjwa hula uji na vyakula laini kwa muda mrefu. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu. Mshipa huo ukiguswa, mtu huweza kubaki na ganzi kwa miezi, na wengine hubaki nayo maisha yao yote. Mara nyingine mfupa hurudi nyuma kidogo baada ya kupangwa. Mgonjwa mwenye shida ya kutafuna hukubali hatari hizo kwa sababu anajua anachokipata. Mwenye kutaka tu kufanana na msanii fulani anapaswa kufikiri mara mbili.

Kipimo cha uzuri ni cha nani?

Sisi wa Mtwara tusingepaswa kufundishwa kwamba uzuri wa uso hubadilika na nyakati, kwa sababu tumeuona ukibadilika majumbani mwetu. Bibi zetu wa uwanda wa Makonde walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Walichanjwa nembo mashavuni na kwenye paji la uso, na watu wa enzi zile walichonga meno ya mbele yakawa na ncha. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alipofika Masasi na Newala aliyakuta mapambo hayo na kuyaandika. Msichana aliyepambwa hivyo alionekana ametimia. Sura hizo bado tunaziona katika vinyago vya mpingo na katika ngoma ya mapiko. Leo hakuna mama wa Newala au Tandahimba anayemtakia binti yake ndonya. Je, bibi zetu walikuwa wabaya wa sura? Hasha. Walikuwa wazuri kwa kipimo cha watu wao.

Chukueni pia mfano wa mwanya. Katika pwani yetu yote, mwanya kati ya meno mawili ya mbele husifiwa kuwa ni pambo alilojaliwa mtu. Katika vitabu vingi vya kupanga meno, mwanya huohuo huhesabiwa miongoni mwa kasoro, na waya huweza kuuziba. Mtoto mwenye mwanya na meno yenye afya hana ugonjwa wowote.

Vipimo vya vitabuni navyo vina asili yake. Edward Angle wa Marekani, ambaye mwaka 1899 alichapisha mgawanyo wa aina tatu za meno yasiyokutana sawasawa, alipotafuta mfano wa uso uliokamilika alitaja sanamu ya kale ya Apollo iliyohifadhiwa Vatican. Mgawanyo wake ni mzuri, na madaktari wanautumia mpaka leo. Lakini sanamu ile ni ya uso wa Kigiriki. Watu wengi wa Afrika huwa na mataya yote mawili yaliyosogea mbele kidogo na midomo iliyojaa. Hiyo ni hali yetu ya kawaida. Mtoto wa Msimbati akipimwa kwa rula ya sanamu ile, ataambiwa ana kasoro ambayo hana. Daktari mzuri hulijua hilo, naye humlinganisha mtoto na watu wake mwenyewe.

Watoto wetu wanasemaje?

Kuna uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, ambao watafiti wa Muhimbili waliufanya pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Walichunguza wanafunzi 1,601 wa shule za msingi katika wilaya za Kinondoni na Temeke. Karibu watoto 64 katika kila 100 walikutwa na mpangilio wa meno usiolingana na vitabu, angalau kwa jambo moja. Lakini walipoulizwa, waliosema hawaridhiki na meno yao walikuwa 23 hivi tu katika kila 100.

Tunaomba wazazi watafakari hesabu hiyo. Kama tungemfunga waya kila mtoto anayepungukiwa na kipimo cha kitabu, tungewafunga wengi ambao wenyewe hawana lalamiko lolote. Wakati huohuo tusiwadharau wale 23. Mtoto anayeficha kinywa chake darasani hajibu maswali hata akiyajua. Hacheki na wenzake. Hilo nalo ni jeraha, hata kama halitoi damu. Kumwambia "acha majivuno" hakumponyi.

Nyuso tunazoziharibu wenyewe

Kabla ya kuzungumzia safari ya zaidi ya kilomita 550 kwenda Dar es Salaam, tuangalie yanayofanyika nyumbani. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwanza ni kile kiitwacho "meno ya plastiki". Tangu miaka ya 1980 imeenea katika nchi yetu imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa au kuhara ana meno mabaya ndani ya fizi, nayo yasipong'olewa atakufa. Fizi hupasuliwa kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa pale ni chipukizi la jino la chonge, ambalo ni la kawaida kabisa kwa kila mtoto. Homa ile ina sababu nyingine, kama malaria, kichomi au tumbo, na muda unaopotea ndio unaoua. Wapo watoto waliokufa kwa kutokwa damu, kwa uchafu kuingia kwenye jeraha na kwa pepopunda. Wanaopona huweza kukua bila chonge au na jino lililoharibika, na meno ya jirani husogea kuziba pengo. Hapo tumepinda kinywa cha mtoto kwa mikono yetu wenyewe, kisha tunatafuta fedha ya kukinyoosha.

Pili ni meno ya utoto. Wengi husema, "Yaache yaoze, yatang'oka tu." Sivyo. Magego ya utoto huyatunzia nafasi meno ya ukubwani. Yakitoka mapema mno, yaliyo nyuma husogea mbele, na meno mapya hukosa mahali pa kuota. Hivyo basi mswaki, dawa ya meno yenye madini ya floraidi na kupunguza pipi na soda ni matibabu ya sura pia.

Tatu ni kunyonya kidole. Kwa mtoto mdogo si neno. Lakini akiendelea baada ya miaka minne au mitano, kidole husukuma meno ya juu mbele na kulifinya taya. Mtoto huyo tusimpige wala kumpaka pilipili. Tumsaidie kwa upole, tumsifu siku anapojizuia. Hali kadhalika mtoto anayepumua kwa mdomo usiku kucha na kukoroma aonwe na daktari, kwa sababu huenda ana nyama zilizovimba nyuma ya pua.

Mambo yasiyosubiri

Yapo matatizo ya uso ambayo hayahusiani na urembo hata kidogo, nasi tunasikitika tukisikia yamefichwa ndani ya nyumba.

Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka, ambao watu huuita mdomo wa sungura, anaweza kushonwa. Mdomo hushonwa kuanzia miezi mitatu hivi ikiwa mtoto ananenepa vizuri, na kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kabla ya mwaka na nusu. Hakulogwa, wala mama yake hakukosea lolote.

Mtoto ambaye baada ya kuanguka, au baada ya usaha mkali wa sikio, anashindwa kufungua kinywa, apelekwe mapema. Taya likikaza utotoni huacha kukua, na kidevu hubaki kidogo.

Na mtu mzima mwenye uvimbe wa taya usiouma, huyo ndiye anayechelewa kuliko wote. Upo uvimbe uitwao ameloblastoma ambao hukua taratibu kwa miaka, mara nyingi kwenye taya la chini. Kwa kuwa hauumi, mtu huendelea kulima na kuvua mpaka uso umepinda. Ukiwahiwa, sehemu inayokatwa huwa ndogo. Ukicheleweshwa, huenda upande mzima wa taya ukaondolewa na kujengwa upya kwa chuma na mfupa wa sehemu nyingine ya mwili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aidha, kwa mtoto, uvimbe wa taya unaokua kwa haraka, katika siku au wiki chache, huweza kuwa saratani aliyoieleza Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958. Saratani hiyo husikia dawa vizuri, mradi mtoto afikishwe hospitali mapema.

Tunamshauri nini mama yetu?

Tumrudie sasa yule mama. Tumemwambia kwamba kwa maelezo yake, binti hatafuti sura ya mtu mwingine. Midomo isiyofungana hukausha fizi, na meno yaliyotokeza huvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka. Hapo ipo sababu ya afya, na ipo sababu ya moyo. Fedha inayotumika kwa mambo hayo hatuiiti majivuno. Lakini ada na chakula cha wadogo zake visiguswe kabla ya kupata majibu ya daktari. Ushauri wetu ni huu.

Aanzie karibu. Aende kwa tabibu au daktari wa meno wa Ligula, wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, au wa Ndanda kama anakaa upande wa Masasi. Hao watamwangalia, watatibu kwanza meno yaliyooza, na wakiona haja watamwandikia barua ya rufaa kwenda kwa bingwa.

Amwulize bingwa maswali haya bila woga. Je, shida ni ya meno, au ni ya mfupa? Je, waya peke yake zinatosha? Tusipotibu, itatokea nini? Tutarudi kliniki mara ngapi, na kwa muda gani? Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na nauli na malazi? Bima yetu inalipa kipi na hailipi kipi? Waya huhitaji kukazwa kila baada ya wiki kadhaa, na familia inayoishi Kilambo au Msimbati lazima ipige hesabu ya nauli kwa miaka miwili. Kufunga waya kisha kuacha njiani ni kubaya kuliko kutokufunga, kwani chakula hunasa na meno huoza chini ya vyuma.

Asikubali kufungwa waya na mtu asiye daktari wa meno, hata akipunguziwa bei. Jino likisukumwa vibaya hulegea na huweza kutoka.

Na la mwisho, binti mwenyewe aulizwe. Mjomba ana fedha na mama ana uchungu, lakini uso ni wa binti. Kama anataka, ataitunza waya yake na kusafisha meno kila baada ya chakula. Kama analazimishwa, kazi itaharibika.

Wazazi wengine nao tunawaomba jambo moja ambalo halina gharama. Jina lile la utani la binti huyu halikuanzia shuleni tu. Watoto hujifunza kutania maumbile majumbani, wakitusikia sisi tunavyowasema watu uani na barazani. Tukiyaacha sisi, nao watayaacha. Walezi wa kwaya wamekwisha kwenda kumwambia binti kwamba nafasi yake bado ipo, na hawakumwambia asubiri mpaka meno yapangwe.